Duka la vifaa la Mangi, njia ya Makabe: nenda na hesabu zako

Nianze na malalamiko, maana ndiyo yaliyonikalisha chini kuandika. Mwaka jana mwezi wa tatu nilinunua hapa nondo nane za milimita 12, za nguzo za fremu ninazojenga mbele ya nyumba. Kijana wa dukani akazikunja kama kawaida, zikapakiwa kwenye guta, nikalipa. Zilipofika nyumbani nikaziangalia, roho ikakataa. Mimi ni mwalimu wa hisabati shule ya msingi, miaka ishirini na kitu sasa, na jicho langu limeshazoea kukagua.

Kuna kanuni alinifundisha fundi wangu wa kwanza, naiandika hapa imfae mwingine: chukua kipenyo cha nondo kwa milimita, zidisha kwa chenyewe, gawanya kwa 162, unapata kilo za kila mita. Nondo ya 12 ni 144 gawanya kwa 162, yaani kama kilo 0.89. Nondo nzima ina mita 12, kwa hiyo inatakiwa icheze kwenye kilo kumi na gramu mia sita na kitu. Nikambebesha mwanangu moja mpaka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, jirani yetu, ana mizani ya kuning'iniza. Kilo nane na gramu mia tisa. Hiyo ni nondo ya milimita 11, na sijawahi kuingia duka nikakuta nondo ya milimita 11 inauzwa kwa jina lake.

Nikazirudisha zote. Mangi alinitazama, akaitazama karatasi yangu ya hesabu, akasema, "Mwalimu, na mimi ndivyo ninavyoletewa." Alinibadilishia nane nzima, na nauli ya guta ikawa juu yake, ila neno pole sikulisikia. Nusu ya maneno yake naiamini. Nusu nyingine niliiacha palepale kaunta.

Nampa nyota tatu kati ya tano. Mteja wa siku ile moja angempa moja, na angekuwa na haki. Lakini mimi nanunua kwake tangu 2010. Stakabadhi zangu nimezitunza kwenye mfuko wa rambo, ile mifuko iliyopigwa marufuku 2019, na nilipozimwaga kitandani kutafuta ya nondo nikajikuta nimekaa saa mbili nazisoma moja moja. Nyumba yangu yote imo mle. Na mtaa nao umo.

Kwa asiyelijua: ukishuka Mbezi Mwisho, Dar es Salaam, panda bodaboda au bajaji njia ya Makabe, uliza kwa Mangi wa vifaa. Duka halina kibao, nitaeleza kwa nini. Linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, mafundi wawahi, linafungwa saa mbili usiku. Lipa namba ipo. Na Mangi si jina lake. Dar es Salaam kila Mchaga mwenye duka ni Mangi, na huyu wala Mchaga si Mchaga, ni Mpare. Ameshachoka kukanusha.

Duka la kwanza lilikuwa banda la bati kando ya Barabara ya Morogoro. Stakabadhi yangu ya kwanza ni ya Agosti 2010: jembe na mpini wake, panga, kamba ya katani, misumari nusu kilo. Nilidhani nimenunua kiwanja, kumbe nimenunua shamba. Aliyeniuzia ni mzee mmoja Mzaramo, mwenye mikorosho na minazi mpaka kule bondeni. Alinipimia kwa hatua, ishirini kwa ishirini, kwa miguu yake mwenyewe, na mzee ana miguu mirefu, Mungu amweke. Tuliandikiana kwenye karatasi ya daftari, ikapigwa muhuri wa serikali ya mtaa, tukanywa soda.

Nakumbuka vizuri kilichokuwa kinauzwa kwenye lile banda. Majembe yamening'inizwa darini. Mafuta ya taa kwenye pipa lenye pampu. Chemli. Mbegu za mchicha. Na chini kabisa, mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho, unga wa njano unaokuwasha pua ukiinama tu. Saruji ilikuwepo, mifuko kumi hivi, imepangwa juu ya mbao nyuma ya mlango, kama mgeni ambaye bado hajaambiwa aketi wapi. Wateja walikuwa wa aina mbili: mzee na wenzake waliotaka salfa, na sisi wenye viwanja tuliotaka panga la kufyekea mikorosho hiyohiyo.

Darasani huwa natoa hesabu moja inayowachangamsha watoto. Sensa ya 1978 ilihesabu watu 843,090 mkoa mzima wa Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ni mara ngapi? Mara sita na ushee. Halafu nawapa ya pili: kutoka 2,487,288 wa 2002 hadi 4,364,541 wa 2012, waliongezeka wangapi? Ni 1,877,253 kwa miaka kumi. Mtoto mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, walilala wapi?" Nikamwambia mmoja wao ni mimi, nililala kwenye pagale lisilo na madirisha, nimeziba kwa maturubai. Darasa likacheka, lakini ndilo jibu. Mjini kati hapakuwa na nafasi, Sinza na Kijitonyama zilizopimwa miaka ya sabini zilishajaa na bei yake si ya mshahara wa mwalimu. Tukafuata barabara kubwa: wengine Bagamoyo, wengine Pugu, wengine Kilwa, sisi Morogoro. Unashuka daladala inapoishia, unaingia ndani kwa miguu mpaka ufike kwenye bei unayoiweza. Maji, umeme na barabara vitakukuta huko.

Sasa niseme jambo ambalo Mangi analifanya vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, na bila hilo hata nyota moja nisingempa. Ni daftari. Kaunta buku, kubwa na refu, jalada jekundu, kila mteja ana ukurasa wake. Mshahara ukitoka unampelekea elfu thelathini, mwezi mwingine elfu hamsini, mwezi wa ada humpelekei kitu. Anaandika, unasaini. Ikifika pesa ya mifuko ishirini unachukua mifuko ishirini. Benki ilinitaka hati, na hati sina. Mangi alinitaka saini. Msingi wangu ulimwagwa 2011 kwa ukurasa wa 46. Kuta, 2012 na 2013, ukurasa huohuo na nyongeza iliyobandikwa kwa gundi. Linta 2015. Kupaua 2016, kwa mchezo wa walimu, wa kupeana pesa kwa zamu, pamoja na daftari. Ukitaka kujua kwa nini nyumba za huku zinakaa miaka mitano zikiwa maboma, mti umeota sebuleni, usifikiri wenyewe wamekufa. Wako ukurasa fulani.

Mara moja tu daftari lilitutia kwenye ugomvi. Mwishoni mwa 2020 saruji iliadimika, bei ikaruka. Mimi nilikuwa nimeshalipia mifuko arobaini kwa bei ya zamani. Mangi akanipa ishirini na tano, akasema ilobaki tuongee. Tuliongea wiki tatu. Mwisho akanipa kumi zaidi na mitano nikamwachia, si kwa kupenda. Nimeiweka hapa kwa sababu anayefikiria kuweka pesa kwa Mangi aandikishe idadi ya mifuko, asiandikishe shilingi peke yake.

Kuhusu kibao. 2017 nyumba na maduka kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuja mpaka Kiluvya, yalipigwa alama ya X nyekundu, ya kubomolewa, kwa kuwa yamo ndani ya hifadhi ya barabara, mita 121 kila upande. Banda la Mangi lilikuwemo. Aliondoa bati mwenyewe, moja moja, akazihesabu, akazipakia kwenye kirikuu na kuingia nazo ndani njia ya Makabe. Kibao hakikutoka, kilikuwa kimechomelewa kwenye nguzo ya zege, akakiacha. Siku nilipopita nilikiona kimesimama peke yake juu ya kifusi, jina na namba ya simu, duka hakuna. Baadaye barabara ikapanuliwa, njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, na pale lilipokuwa pipa la mafuta ya taa leo pana lami. Nilidhani wateja watapotea. Wapi! Mji ulikuwa umeshaingia ndani kabla yake, akaukuta unamsubiri.

Usafirishaji sasa. Huduma hii imeshuka, na kosa si la Mangi peke yake. 2011 lori la mchanga lilifika mpaka kwenye msingi wangu na kugeuza bila kurudi nyuma. 2016 fuso ya mbao ilifika, lakini dereva alikunja kioo cha pembeni. 2019 kirikuu kiliingia kikashindwa kutoka, kikalala hapohapo. Leo ni guta, na mita sitini za mwisho ni kichwani, shilingi mia tatu kwa mfuko, mara ya mwisho nilipouliza. Barabara haikuhama. Kila jirani alipojenga ukuta alisogea hatua moja tu, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri. Mzee alipokuwa anatupimia hakuacha njia, maana yeye shambani kwake alipita popote, na sisi hatukuidai maana kila mita ya njia ni mita ya kiwanja ulicholipia. Wakati wa urasimishaji wa viwanja wapimaji walikuja, tukachanga, tukakubaliana kila mtu atoe mita moja. Wote tulitoa isipokuwa mmoja. Njia yetu kwenye ramani ni pana na nzuri, mpaka ifike kwake.

Kwa hiyo ukiagiza, mwambie Mangi ukweli kuhusu njia yako. Atakutajia bei ya guta na ya wabebaji papo hapo, na hataongeza. Usipomwambia, vijana wake watashusha mzigo mahali gari lilipokwama na kukuachia.

Ndani ya duka mambo yamebadilika mpaka nikiingia nasita kidogo mlangoni. Chemli zilitoweka nguzo za umeme zilipofika, zikaja paipu za waya na soketi. Mwaka wa mabozi, yale magari ya maji, aliuza simtanki kwa fujo, zimepangwa nje kama tembo weusi. Ikaja zamu ya marumaru na jipsamu, kila mtu anataka dari yenye taa za kujificha. Tangu Stendi ya Magufuli ilipofunguliwa hapo Mbezi Luis, Februari 2021, mabasi ya mikoani yakahamia kutoka Ubungo, vitasa vinatoka kwa boksi. Nilimuuliza boksi zima la nini, akasema, "Gesti, mwalimu. Vyumba kumi, vitasa kumi." Kila mwenye kiwanja jirani na stendi kajenga vyumba. Walioshindwa gesti wamejenga fremu, na mimi mwenyewe nimo, ndizo zilizoleta kesi ya nondo.

Lakini rafu niliyoikazia macho safari hii ni ile ya kushoto, karibu na mlango. Ina washa za mabomba, koki, gundi, balbu, brashi ndogo za rangi, silikoni ya kuzibia. Vitu vya shilingi elfu mbili tatu. Zamani hiyo rafu haikuwepo. Mangi anasema ndiyo inayomlisha siku hizi, saruji anauza kwa mtu anayeziba ufa au kuongeza chumba cha mpangaji. Majirani zangu tulioanza pamoja hatununui tena mifuko hamsini. Tunanunua koki. Nyumba zimeshaanza kuvuja.

Mzee bado yupo. Hukaa benchi la nje kuanzia saa nne, ukipita unamwamkia, anaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye bao. Shamba aliliuza kipande kipande: kimoja arusi, kimoja matibabu, kimoja bati la nyumba yake. Amebaki na nyumba, mwembe na mikorosho miwili iliyozungukwa na kuta za watu. Kila ifikapo Juni anauliza, "Mangi, salfa ipo?" Mangi anajibu, "Imeisha mzee, naagiza." Ni miaka mingi hajaagiza, na wote wawili wanajua.

Vya kununua hapa: saruji, ni mbichi, haikai, ukiubana mfuko hausikii mabonge. Bati, usiogope, anakuonyesha geji na kukukatia urefu unaotaka. Vitu vya umeme, chagua mwenyewe na ufungue boksi. Rangi ya kuchanganya usinunue nusu nusu: nilinunua lita ishirini mara mbili, mwezi mmoja tofauti, sebule yangu ina ukuta mmoja wa krimu na mmoja wa maziwa yaliyochacha. Nondo, umeshanisikia. Vijana wa kaunta wana adabu, shikamoo mwalimu haipungui, ila wawili kati yao ni wapya na hawajui tofauti ya bomba la maji safi na la maji machafu. Subiri Mangi arudi kutoka kula.

Sasa Mangi ana tawi. Nilijua kwa bahati. Binti yangu mkubwa amepata kiwanja Mlandizi, mkoa wa Pwani, kwa kuwa huku kwetu bei ya kipande cha ishirini kwa ishirini imeshakuwa ya watu wengine. Hayuko peke yake. Sensa zilezile ninazowapa watoto zinasema Dar es Salaam kati ya 2012 na 2022 iliongezeka watu milioni moja na kidogo, pungufu sana ya muongo uliotangulia, na Pwani ikatoka 1,098,668 hadi 2,024,947. Mji umevuka mpaka wa mkoa, na Mangi amevuka nao.

Tulikwenda Novemba. Binti akaniambia kuna duka la vifaa njiani, tuingie. Banda la bati. Majembe yamening'inizwa darini. Mbegu za mchicha. Saruji mifuko kumi na kitu, juu ya mbao, nyuma ya mlango. Chini kabisa, mifuko ya salfa. Nilisimama nikapiga chafya. Kijana wa kaunta akasema, "Shikamoo mama, karibu," na mimi nikamwitikia huku natafuta daftari kwa macho. Lilikuwepo, jalada jekundu. Jipya, kurasa za mwanzo tu ndizo zilizoandikwa. Nikauliza mwenye duka nani. "Mangi. Anakaa Mbezi."

Nilinunua kilo moja ya salfa ya yule mzee. Nilipompelekea aliifungua, akanusa, akauliza bei, akasema ghali, na tena msimu umepita, ataiweka.

Binti alitaka nondo za msingi, za milimita 12. Nikamuuliza kijana jirani hapo nani ana mizani. Akafikiri, akasema hakuna anayenunua vyuma chakavu huku, labda ghalani, mizani ya korosho. Tukaibeba moja, imekunjwa, mpaka ghalani. Wanaume waliokuwa wanapima magunia wakatupisha, wakasimama kutazama mama mzima anapima chuma.

Kilo kumi na gramu mia sita. Tukachukua kumi na mbili, na binti akasaini ukurasa wa 9.